Sauti Zilizosafiri kwa Pikipiki

Simu iliyoniambia kwamba Papa Sumaili amefariki ilinikuta nimelala chini ya meza ya kazi, natafuta waya uliolegea. Ni yeye aliyenizoesha hivyo: mashine ikikataa kuwaka, usikimbilie kibodi, shuka kwanza uone nyaya. Kesho yake nilifunga safari ya Kasongo kwenda matangani. Uwanja ulikuwa umejaa watu juu ya mikeka na viti vya plastiki, wali unapakuliwa kutoka sufuria kubwa, na kila aliyesimama kumsemea marehemu alirudia sifa ileile kwa njia yake, kwamba Sumaili hakuwahi kumfungia mtu kitu, wala mlango, wala maarifa, wala mashine. Watu walitikisa vichwa wakikubali. Mimi niliweka sahani chini, kwa sababu yote waliyosema yalikuwa kweli, na hakuna hata mmoja aliyemtaja Mama Feza. Niliuliza yuko wapi. Wakaniambia aliondoka zamani, aliwafuata wajukuu zake Kalemie.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa msichana niliyemaliza kusoma kompyuta kule Kindu, nina cheti na sina kazi, na shirika la Papa Sumaili lilikubali kunipokea kama stagiaire, yaani mtu anayefanya kazi ili ajifunze. Lilikuwa shirika dogo la watu walioamini jambo moja kwa moyo wote: kwamba programu ya kompyuta isiwe mali ya kufungiwa, anayeitaka aichukue, aifungue aone ndani, aibadilishe, kisha ampe jirani bila kuomba ruhusa. Walikusanya kompyuta kuukuu, wakaziwekea programu hizo huru, wakazipeleka mashuleni na kwenye redio za vijijini. Papa Sumaili alikuwa mhandisi aliyesoma Kisangani. Angeweza kupata kazi ya suti na kiyoyozi. Badala yake alikuwa anavaa kandambili na kuzungumza juu ya programu huru kama wahubiri wanavyozungumza juu ya wokovu, na mimi, kusema kweli, mwanzoni nilimwona kama mtu aliyepigwa na jua.

Chumba cha mashine kilikuwa ghala la zamani la mpunga. Pumba zilikuwa bado zimejificha kwenye nyufa za sakafu, na upepo ukivuma ziliruka zikaingia ndani ya mashine, kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufungua vifuniko na kupuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Kisha nilikagua maji ya betri, nikapanda juu ya bati kufuta paneli za jua, nikarudi kusoma kwenye kioo ujumbe ambao mashine ziliacha usiku. Papa Sumaili alikuwa amezipa mashine majina ya vyakula. Ile kubwa, serva yenyewe, ilikuwa Sombe, yaani mboga ya majani ya muhogo. Ndogo zilikuwa Mawese, Karanga na Muhogo. Sombe ilipozimika alipaza sauti kwamba Sombe amekufa, na kutoka jikoni Mama Feza alijibu kwamba sombe yake haijafa, iko motoni, waje wale. Utani huo ulirudiwa karibu kila wiki na tulicheka kila mara.

Mama Feza ndiye aliyetupikia. Alitoka upande wa Lusangi, katika Kabambare, alikimbia vita na kufikia kwa dada yake hapa Kasongo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali kidogo, asiyependa mtu aguse mwiko wake. Chakula cha mchana tulikila sote pamoja katika chumba cha mashine, maana ndimo kulikuwa na feni: wali au bugali, sombe yenye mawese mengi, siku nyingine samaki wadogo wa kukausha. Hakuwa anakula kabla ya kuuliza. Aliweka sahani, akafuta mikono kwenye kitenge, akaniuliza mimi, si Papa Sumaili, kwa sauti ya chini: "Imefika sauti?" Nikimjibu bado, alikaa, akala.

Sauti aliyoiulizia ilikuwa ya Assani, mwanawe wa pili. Watu wenye silaha walimchukua karibu na machimbo ya dhahabu ya Salamabila, wakamfanya mbeba mizigo, na tangu hapo hakuna aliyejua kama yuko hai. Mama Feza hakuwa peke yake. Kasongo yote ilikuwa imejaa watu wa Kabambare waliopotezana njiani, na huko walikotoka mtandao wa simu ulikuwa kitu cha kubahatisha, upate juu ya kilima fulani au usipate kabisa. Ndiyo sababu Papa Sumaili alibuni kazi ya sauti. Mtu alikuja kwetu, akaketi mbele ya Sombe, akazungumza na ndugu zake kama wamekaa mbele yake. Sisi tuliweka sauti hizo kwenye diski ndogo, na Kitenge, dereva wa pikipiki aliyezoea njia ya Wamaza, upande wa Kabambare, aliibeba diski kifuani ndani ya mfuko wa nailoni. Kule Wamaza ilichomekwa kwenye kompyuta yetu nyingine, iliyokaa katika duka la kuchaji simu. Sauti zetu ziliingia, za kwao zilitoka, na Kitenge akarudi nazo. Mtandao wetu ulikuwa ni pikipiki na matope.

Kutoka Wamaza kwenda mbele hapakuwa na diski wala kompyuta. Palikuwa na watu tu. Yeyote aliyekuja kuchaji simu akisema anaelekea kijiji fulani, mwenye duka alimwekea simuni sauti zote za kijiji hicho, naye akazisambaza njiani, sokoni, msibani, mtoni. Hakuulizwa jina. Hakukuwa na neno la siri. Huo ndio ulikuwa uhuru wa Papa Sumaili umeshuka kutoka vitabuni na kuvaa viatu, na ulifanya kazi kwa namna ambayo sijaiona tena mahali popote nilipofanya kazi, hata kwenye mitambo ya mamilioni. Niliona kwa macho yangu bibi mmoja anamsikia mumewe ambaye matanga yake yalikwisha kufanywa. Nilipoona hivyo niliacha kumfikiria Papa Sumaili kuwa amepigwa na jua.

Lakini lazima nieleze jinsi watu wa kule wanavyotuma salamu, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Mtu anayelala nyumba ya wengine hawezi kutuma neno kwao akasema tu kwamba ni mzima. Itakuwa aibu. Lazima ataje nyumba inayomlisha: mwenye nyumba ni nani, mtoto wa nani, kijiji gani, karibu na kijito kipi, mkewe anaitwaje anayempikia. Anataja ili upande wa pili nao wamshukuru mwenyeji kwa jina lake, na shukrani hiyo ikifika, mwenyeji anaita majirani waje waisikie. Aliyekaa kimya kuhusu nyumba iliyompokea anaonekana ameficha wema wa watu, kama vile ameuiba. Kwa hiyo kila sauti iliyopita ndani ya Sombe, hata ya mtoto mdogo, ilikuwa na anwani kamili ndani yake, imesemwa polepole na kwa adabu.

Katika masomo yangu ya Kindu nilifundishwa kwamba mafaili ya watu hufungwa. Basi siku moja wakati wa kula nilipendekeza tuweke neno la siri kwenye kompyuta ya Wamaza. Sikuwa nimeona hatari yoyote. Nilikuwa nimekariri darasani tu, na nilitaka kuonekana najua. Papa Sumaili hakunikasirikia. Aliweka kijiko chini, akaniuliza neno hilo la siri tutampa nani. Tukimpa mwenye duka peke yake, siku akiugua malaria sauti zitalala. Tukiwapa wote, halitakuwa siri. Na yule mtu asiyejulikana anayeelekea Lusangi kwa miguu, ambaye ndiye pekee anayekwenda huko wiki hiyo, tumwambie nini? Mama Feza alikuwa anasikiliza. Ndiye aliyemaliza mjadala: "Muache wazi. Sauti ya mutoto wangu haitapata mutu wa kuibeba kama munafunga." Nikainamisha kichwa, nikala. Hata leo nikiyapima mazungumzo yale sioni ni wapi waliposema jambo la kijinga.

Sauti ya Assani ilifika mwanzoni mwa kiangazi, mchana, pamoja na nyingine nyingi. Nilikuwa nazisikiliza moja moja kwa vipokea sauti ili nijue za kumpa nani, nikasikia kijana anaanza salamu kwa Kibangubangu, kisha anageukia Kiswahili, anasema yeye ni Assani mtoto wa Feza. Nilivua vile vitu masikioni nikaenda jikoni. Mama Feza aliniona usoni. Aliacha chungu motoni, na sombe ya siku ile iliungua, tukaila hivyo hivyo. Aliketi mbele ya mashine huku amejishika mashavu. Assani alisema amewatoroka wale watu, miguu ina vidonda lakini yu mzima. Kisha akataja nyumba. Aliitaja vizuri, kama kijana aliyelelewa vizuri: mwenye nyumba, baba yake, kijiji cha upande wa Lusangi, kijito, mama anayempikia. Alisema hawezi kuondoka kabla ya kuwasaidia kuvuna karanga, kwa sababu wamemlisha bila kumdai kitu, na karanga zikiisha ataanza safari ya Kasongo. Mama Feza alitaka kusikia tena, na tena. Kila ilipofika pale pa kutaja nyumba alitikisa kichwa kwa fahari, akamwambia Papa Sumaili, "Sikia vile anashukuruka. Ni mimi nilimufundisha."

Alijibu siku hiyo hiyo. Alimshukuru mwenyeji kwa jina na kwa jina la baba yake, akataja kijiji na kijito chao, akamshukuru mke, akamwambia mwanawe avune karanga zote asiache hata shina, kisha aje. Kitenge aliondoka na diski kesho yake. Siku zilizofuata nyumba yetu ilibadilika. Mama Feza alikuwa anaimba akisonga bugali. Aliniruhusu hata kushika mwiko. Alihesabu mambo ya mapokezi, nani ataazima godoro, kuku gani atachinjwa. Papa Sumaili naye alitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Aliwaeleza wageni kwamba hii ndiyo programu huru, si maneno ya kwenye mikutano, ni mama na mwana.

Kitenge aliporudi hakupiga honi. Kwa kawaida alipiga honi tangu kona ya barabara, tukatoka kumpokea. Siku hiyo tulimkuta tayari amesimama mlangoni, kofia mkononi, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Aliomba Papa Sumaili atoke nje, lakini dirisha lilikuwa wazi na mimi nilisikia. Watu wawili walikuja kwenye duka la Wamaza kuchaji simu, wamevaa kama wachimba dhahabu. Walisema wanaelekea Lusangi. Mwenye duka akawawekea sauti za Lusangi, zote, akawasaidia hata kuzipanga. "Si ndivyo tunafanyaka?" Kitenge aliuliza. Watu hao walikuwa wa lile kundi lililomchukua Assani. Hawakutaka mtu aliyebeba mizigo yao na kuzijua njia zao azurure mwituni akisimulia. Walisikiliza sauti moja baada ya nyingine mpaka wakapata ya Feza, yenye shukrani ndani yake, yenye nyumba na kijito. Walifika wakati karanga zinaanikwa uani. Assani walimuua palepale. Mwenye nyumba na mkewe walikimbilia msituni, na hakuna aliyejua kama walifika popote.

Waliingia ndani, Kitenge akatoa diski kifuani akaiweka mezani. Alisema kuna jambo jingine: kabla ya hayo yote, mpita njia mmoja alikuwa amepeleka Wamaza sauti ya pili ya Assani, imo humo ndani. Mimi niliichukua ile diski. Wakati huo Mama Feza aliingia na sahani. Aliziweka chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akaniuliza kama kawaida kama sauti imefika. Nilimtazama Papa Sumaili, na namshukuru mpaka leo kwamba hakuniachia mimi. Alisogea karibu yake na kumwambia, "Sauti imefika, Mama. Lakini mwenyewe hatafika." Mama Feza hakulia. Aliketi juu ya gunia la waya, miguu imenyooka mbele, akaanza kuokota punje za wali zilizomwagika sakafuni, moja moja, na kuzirudisha kwenye sahani. Nilitamani apige kelele.

Watu matangani hawakujua habari hii, au waliijua na wakaona si mahali pake. Siwalaumu. Nimekuwa nikijiuliza miaka yote kama Papa Sumaili aliwahi kujisamehe. Hakuwahi kujitetea mbele yangu hata mara moja. Hakusema ni kosa la mwenye duka, wala la desturi ya watu, wala kwamba wenye bunduki ndio wauaji, jambo ambalo ni kweli tupu na angekuwa na haki ya kulisema. Alichofanya ni kuizima Sombe. Aliuondoa waya kwa mkono wake, akakaa mbele ya kioo cheusi. Alituma neno Wamaza kwamba kompyuta ile ifungwe. Watu wa Kabambare walikuja na kukuta mlango wazi na mashine imekufa, wakasimama kidogo, wakaondoka. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Niliwaza kurudi Kindu na kuuza vocha za simu.

Aliyekuja kuvunja ukimya ule ni Mama Feza mwenyewe. Alikuwa hajafika kazini tangu msiba, alikuwa amekonda na amenyoa nywele. Alipita jikoni bila kuangalia moto, akaingia chumba cha mashine, akasema anataka kuzungumza na watu waliomlisha mwanawe. Papa Sumaili alimwambia kwa upole kwamba kazi ya sauti imekwisha, wameifunga.

"Mutafungua," alisema. "Mutoto wangu alikula kwao. Mutu atanyamaza namna gani?"

Papa Sumaili alisema watu wabaya watasikia tena. Mama Feza alisema anajua. Papa Sumaili akainama chini ya meza, akarudisha waya. Sombe iliunguruma. Kabla ya kurekodi, Mama Feza aliomba kwanza asikie ile sauti ya pili ambayo alikuwa hajaigusa. Ilikuwa fupi. Assani alisema amepata neno la mama yake, karanga zimebaki kidogo, na kwamba mwenyeji alifurahi sana kusikia ameshukuriwa kwa jina la baba yake, aliwaita majirani wote. Nilitazama ukutani. Mama Feza aliomba maji, akanywa, akaniambia niwashe.

Alianza kama inavyotakiwa: yeye ni nani, mtoto wa nani, anatoka wapi. Alisema anaishukuru nyumba iliyompa mwanawe chakula na mahali pa kulala. Hapo akasita. Ndipo jina lilipotakiwa kuja, na lilikuwa kinywani mwake, niliona midomo inaanza kulitengeneza. Mkono wangu ulikuwa juu ya kibodi. Kwa mwanamke yule, kupita pale bila kutaja ilikuwa kama kumgeuzia mgongo mtu aliyemkaribisha. Kisha akasema: "Jina lenu ninalo. Ninalishika tumboni. Sitalisema, musikasirike. Nitasema muko nyumba ya mutu, ni hiyo tu." Aliniashiria nizime, akatoka nje, na huko nje ndiko alikolia.

Tuliiweka kwenye diski ile sauti moja peke yake. Kitenge aliibeba, duka la Wamaza likafunguliwa kwa ajili yake, na wapita njia wakaichukua kwenda kila upande, kwa sababu haikuwa na kijiji cha kupelekwa. Baadaye kidogo majibu yakaanza kuja. Mzee mmoja alisema amesikia, kijana alikula vizuri, hakuwa na makuu. Mwanamke mmoja alisema alimpikia mihogo na alilala karibu na moto. Mtu mwingine alisema alimzika kwa heshima kama mwanawe. Wengine walisema vijana wao walikuwa wawili, wengine kwamba wao walimlisha msichana, labda mama amekosea lakini wanapokea shukrani. Hakuna hata mmoja aliyetaja jina wala kijito. Walikuwa wamejifunza kutoka kwake. Watu waliowaficha wakimbizi walikuwa wengi kuliko tulivyodhani, na kila nyumba ilidhani yenyewe ndiyo iliyoshukuriwa.

Mama Feza alizisikiliza zote, amekaa kwenye kiti changu, vipokea sauti masikioni. Jina la mwenyeji wa Assani alikuwa nalo, lakini sauti yake hakuwahi kuisikia, na sasa hapakuwa na njia ya kujua kama yumo kati ya hao au alibaki msituni. Niliuliza kama nizime, akakataa. Kila sauti ilipomalizika aliinamisha kichwa na kusema asante, kisha akaniambia nilete nyingine.